Gari Lililolishwa Bada

Juzi mlinichekesha, wanangu. Nilikuja pale gereji kumletea mjukuu wangu chakula chake, nikawakuta mmelizunguka gari la dizeli la zamani, kimya, kama watu waliopata mgeni asiyejua Kiswahili. Lilikuwa limechemsha, limetapika maji yote barabarani, na nyinyi mnatafuta pa kuchomeka ule waya wa kompyuta yenu. Gari lile halina tundu hilo. Lilitengenezwa wakati baba zenu hawajafikiriwa hata kuzaliwa. Mmoja wenu akaniuliza, "Bibi, sasa tuanzie wapi?" Nikasema nitakuja kuwaambia nikipata nafasi. Nafasi ndiyo hii. Kaeni, na aliyeshika simu aiweke mfukoni.

Mnaanza kwa kuamkia.

Sifanyi mzaha. Fundi Nkwabi, aliyenifundisha kazi hii hapa Kibaha, alikuwa haligusi gari kabla hajamwamkia mwenye gari, akaulizia watoto, akaulizia shamba, akakubali chai ikiletwa. Halafu ndipo huuliza, kama mtu anayepoteza wakati tu: limelala wapi? Nani alilitia maji mara ya mwisho? Maji ya wapi? Sisi vijana wake tulikuwa tunachoka kusubiri, spana mkononi. Lakini mwenye gari huwa ana kitu amekifanya, na anaona haya kukisema. Amelitia maji ya chumvi, au amefunga mpira kwa kitambaa cha kanga, au shemeji yake amejifanya fundi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, ila mara nyingi kinachokufa ni injini. Nkwabi alijua kwamba mtu akishakaa na kikombe mkononi, haya humtoka kidogo kidogo.

Mimi mnaniita Bibi Tatu, lakini wakati ule nilikuwa Tatu tu, binti wa Kizaramo kutoka Kisarawe, na sikuja kwenye ufundi kwa kupenda. Nilikwenda kujenga taifa kama vijana wengine. Kule kambini wakauliza katika wasichana nani anataka kujifunza kushika spana. Wenzangu wote wakatazama chini, mimi nikaitazama spana. Basi. Nilipotoka huko nikapangiwa karakana ya hapa Kibaha, na siku ya kwanza Nkwabi aliniangalia kuanzia kilemba hadi viatu, akauliza kabila langu. Nilipomwambia, akawageukia wenzake akasema, "Mnaona? Mtumwa wangu ameletwa na serikali, wala sikumfuata." Nikamjibu kwamba Mnyamwezi yeyote aliyefika pwani alifika amebeba mzigo wa mtu, na kama hana mzigo basi ameutupa njiani. Karakana nzima ikacheka, na Nkwabi akanipa kiti chake nikae.

Nyinyi utani mmeuacha, mkisikia maneno kama hayo mnadhani ni ugomvi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukuambia lolote mbele ya watu, na hununi. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, ukabaki kulalamika kwa kicheko. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kuwachekesha wafiwa ili wasife nao. Nkwabi alikula chakula changu cha mchana miaka yote niliyofanya naye kazi. Alikuwa anafunua bakuli, anaona muhogo, anasema, "Tena?" halafu anaumaliza.

Sasa turudi kwenye gari linalochemsha, maana nimewaona mkikimbilia kifuniko.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi gari likiwa la moto. Nkwabi alikuwa na kovu begani lililoshuka mpaka kwenye kiwiko, na kila kijana mpya akija, alivua shati amwonyeshe. Maji yaliyobanwa humo ndani yakipata upenyo hayakuulizi jina. Subiri lipoe. Ukiona uvivu wa kusubiri, nenda kanywe maji wewe.

Likipoa, fungua uangalie maji kabla ya kitu kingine. Yana mafuta juu? Yana kutu? Yamepungua, na kama yamepungua, yamekwenda wapi? Pitisha kidole chini ya pampu ya maji, kuna kitundu pale hulia machozi pampu ikianza kuchoka. Bonyeza mkanda wa feni kwa gumba, ukilegea sana feni inazunguka kwa uvivu na pampu nayo inavuta kwa uvivu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, utazame ndani. Mapovu yakipanda bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya hedi imekwenda, na hapo pole yako na pole ya mwenye gari.

Kama mapovu hakuna, tumia viganja. Shika mpira wa maji wa juu wa rejeta, shika mpira wa chini. Wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi, maji hayazunguki. Ama themostati, kile kilango cha maji, imegoma kufunguka, ama rejeta imeziba. Themostati itoe uitie kwenye sufuria ya maji jikoni, uchochee moto, uitazame. Inatakiwa ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, tafuta nyingine. Na nasema tafuta nyingine, sisemi itupe ukae bila. Najua mnang'oa themostati mnasema nchi yetu ina joto haihitaji. Kwenye baadhi ya hizi dizeli za zamani, ukiing'oa maji yanapata njia ya mkato, yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Halafu mnasema gari lina shetani.

Rejeta yenyewe ipapase yote kwa kiganja injini ikiwa na uvuguvugu wa kutosha. Juu, katikati, chini, kando. Ukikuta sehemu ni baridi wakati jirani yake ni ya moto, hapo mishipa imeziba. Nkwabi alikuwa anapapasa amefumba macho. Nikamuuliza kwa nini anafumba, akasema macho yana haraka ya kusema yanajua.

Kilichoziba ni nini, hilo ndilo nataka kuwasimulia leo.

Upande wa Mzenga, ukipita Mlandizi ukaiacha lami, kilikuwapo kijiji cha ujamaa kilichokuwa na gari moja. Dizeli ya kizamani, pua butu, milango inafungwa kwa kamba. Wenyewe walilipa jina Subira. Subira alibeba korosho msimu wa korosho, na msimu wowote alibeba wagonjwa na akina mama wa uchungu kuwaleta hospitali Kibaha. Hakukuwa na kingine. Pasipokuwa na Subira, mama wa uchungu alikuja kwa kitanda mabegani mwa wanaume, na kitanda hakikuwahi kufika mapema.

Dereva wake alikuwa Mzee Pazi, mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuimba akiendesha. Mkewe ni Bi Mwamvua. Gari lile lilikuwa linavuja kidogo kwenye rejeta, na Pazi alisafiri na debe la maji kila mahali. Ikafika siku likazima njiani likiwa na mgonjwa, likapoa, likaendelea, mgonjwa akafika salama. Lakini habari zikafika kwa wakubwa. Mwenyekiti wa kijiji akaambiwa gari hilo likikwama tena litachukuliwa, lipewe kijiji kingine kinachojua kutunza. Pazi akaacha kuimba.

Halafu, kwa muda, uvujaji ukakoma wenyewe. Halafu Subira akaanza kuchemsha hata barabara tambarare. Sasa maneno yakabadilika. Wakati ule ukiharibu mali ya umma hukuitwa mzembe, uliitwa mhujumu, na neno hilo lilimfuata mtu mpaka kwa wajukuu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako, dereva ndiye anayelala na gari uani kwake, atakosaje kujua. Mwenyekiti akaomba fundi kutoka Kibaha, aje aseme mbele ya watu wote: je, ni uchakavu, au ni mkono wa mtu? Ikiwa ni mkono wa mtu, Pazi atajibu, na Subira ataondoka.

Tukaenda mimi na Nkwabi. Basi mpaka Mlandizi, kisha lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Tulifika asubuhi, nguo nyeusi tii, Nkwabi akasema sasa tumefanana na Wazaramo.

"Shikamoo, Mzee Pazi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Karibuni sana." Alikuwa amesimama kando ya gari lake, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kituoni.

Nkwabi akakaa. Chai ikaja. Akauliza limelala wapi, Pazi akasema hapo hapo uani. Nani analitia maji? Mimi mwenyewe, fundi. Maji ya wapi? Ya kisima cha bondeni, siku zote. Umewahi kulitia kitu kingine? Pazi akaapa hajawahi, na ukimtazama usoni ulimwamini. Nkwabi alimwamini. Nilimjua, akimwamini mtu alikuwa anamalizia kikombe chote.

Tukafanya kama nilivyowaeleza. Mkanda mzima. Pampu nzima. Mapovu hakuna. Mpira wa juu moto, wa chini baridi. Nkwabi akafumba macho akaipapasa rejeta, kiganja kikashuka mpaka karibu nusu, kikasimama. Chini yote ilikuwa baridi. Tukazima, tukasubiri, tukafungua koki ya chini. Hayakutoka maji. Nikachokoa na waya, kikaanza kudondoka kitu kizito, cheupe kichafu, kinavutika.

Nkwabi akakisugua kati ya vidole. "Chokaa ya kisima," akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejiamini. "Mbona inanata?"

Mimi nilikuwa nimeshainusa. Harufu ile ya uchachu wa muhogo uliolowekwa ukaanikwa ukatwangwa, nimelelewa nayo. Mama yangu akifungua kibuyu cha unga, nyumba nzima inajua. Mnyamwezi wa watu angeijulia wapi, amekulia ugali wa mtama na uwele. Nikamsogelea sikioni.

"Fundi, hii ni bada."

"Bada gani?"

"Ugali wa muhogo. Mtu ametia unga kwenye rejeta, ukaivia humo."

Akaing'oa themostati, akanikabidhi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nenda jikoni ukaombe sufuria ya maji ya moto." Na kwa sauti ya chini akaongeza, "Usiulize kitu. Kaa tu."

Bi Mwamvua alikuwa anachochea moto. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Nikaomba sufuria, akanipa. Nikaitumbukiza themostati, tukakaa kwenye vibao tukiitazama kama wanawake wawili wanaongoja mboga iive. Sikuuliza. Maji yakaanza kuimba, themostati ikafunguka vizuri kabisa, haikuwa na kosa.

"Hiyo ni nzima?" akauliza.

"Ni nzima, mama."

Akavuta kanga mabegani. "Kwa hiyo ni kile nilichotia mimi."

Nikaiopoa themostati kwenye maji, nikakaa tu kama nilivyoambiwa.

Akanieleza. Chungu kipya, mnajua, au pengine hamjui, maana nyinyi mmelelewa na sufuria: chungu kipya huvuja. Mwanamke wa kwetu hakitupi. Anakipikia uji mzito wa muhogo, anauacha uchemke, uji unaingia kwenye vitundu unaziba, na chungu hicho utapikia mpaka binti yako aolewe. Bi Mwamvua alimwona mumewe kila alfajiri anachuchumaa chini ya gari, anatazama tone likianguka, halafu anaingia ndani na kula bila kusema. Akawaza, hili nalo ni chungu tu, chungu cha chuma. Siku Pazi alipokwenda msikitini, akachukua upawa wa unga, akaukoroga kwenye maji, akamimina.

"Na ilikoma kuvuja," akaniambia, akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Ilikoma kabisa. Yeye akasema Mungu amemsikia. Akaanza tena kuimba. Anaosha gari anaimba, anakula anaimba. Nitamwambia nini, mwanangu? Nimwambie si Mungu, ni mimi na upawa wangu? Baadaye likaanza kuchemsha, nikaona nimemuua."

Alilia bila sauti, machozi tu yakishuka, huku anachochea kuni. Na mimi nililia, siwafichi. Alikuwa hajaharibu kwa ujinga. Alikuwa amefikiri vizuri kabisa, ila chungu hakina mishipa myembamba ndani.

Nikamwambia, "Mama, uji ukishika mzito mno, unafanywaje?"

Akafuta uso. Akafikiri. "Unatiwa kimea," akasema taratibu. "Kama wa togwa. Kimea kikiingia, uji unalegea."

Hapo ndipo ilipotoka dawa, wanangu, na sijaisoma popote. Akachukua kimea chake cha mtama, akakikoroga kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya kuchemka, kwa sababu kimea kikiunguzwa kinakufa. Akakileta kwenye mtungi chini ya kanga, kama mtu anayewapelekea mafundi kinywaji. Nikamweleza Nkwabi maneno mawili matatu. Akauchukua mtungi kwa mikono miwili, akamwambia, "Ahsante, mtani," basi, akamimina kwenye rejeta na kwenye njia ya maji ya injini. Pazi alipouliza ni kitu gani, Nkwabi alisema ni dawa, na kweli ilikuwa dawa. Tukaiacha ifanye kazi.

Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusubiri kimea. Baada ya adhuhuri watu wakaitwa kwenye ghala la korosho. Wanaume mbele, akina mama nyuma, Pazi peke yake kwenye kigoda pembeni. Nilimjua Nkwabi: hakuwa anasema uongo kuhusu gari. Alikuwa anasema fundi akidanganya juu ya ugonjwa, kesho atazika mtu. Nami sikuona angepitia wapi. Akisema uchakavu, amedanganya. Akisema kweli, amemmaliza yule mama jikoni, na mumewe, na akina mama wote wa uchungu wa vijiji vile, maana Subira angeondoka.

"Fundi," Mwenyekiti akasema, "tuambie bila kuficha. Ni uchakavu, au ni mkono wa mtu?"

Nkwabi akasimama, mikono bado na grisi.

"Ni mkono wa mtu."

Pazi akainamisha kichwa. Kule nyuma nilimwona Bi Mwamvua amejiziba mdomo kwa kanga.

"Ni mkono wenu Wazaramo," Nkwabi akaendelea. "Nyinyi watu, kila kitu kwenu ni muhogo. Mtoto akilia, muhogo. Mgeni akija, muhogo. Bwana harusi akija, muhogo. Sasa mmeletewa gari, kiumbe cha watu, linaomba maji tu ya kunywa, nyinyi mmelipikia bada. Tena bada kavu. Hata mchuzi wa dagaa mmelinyima. Mlitaka lisivimbiwe?"

Kwanza alicheka mzee mmoja wa mbele, mwenye meno machache. Kisha wengine. Kisha ghala zima. Yule mzee akasimama kujibu kwa niaba ya kabila, akasema afadhali bada, lingekuwa kwa Wanyamwezi lingetiwa asali, na nyuki wangelisukuma mpaka Tabora. Watu wakajishika mbavu.

Mwenyekiti alikuwa anafuta machozi. "Haya, mtani, umetuweza. Sasa tuambie kweli."

"Nimesema kweli. Uji wenyewe uko kule kwenye ndoo, nendeni mkaonje."

Wakacheka zaidi. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kucheka. Akatangaza faini ya jogoo kwa kulilisha gari bila kitoweo, na jogoo akaletwa palepale. Mwenyekiti akageuka kuwaambia wazee kwamba ni maji ya kisima kile cha bondeni, alisema tangu zamani yana chokaa, na dereva asisumbuliwe. Nkwabi hakuitikia wala hakukataa. Alikuwa ameshasema lake, na jogoo alikuwa kwapani.

Tulirudi kwenye gari tukafungua koki. Ule uji ulikuwa umelegea mwepesi, unatiririka kama togwa. Tukaigeuza rejeta kichwa chini, tukaisukuma maji kutoka chini kwenda juu, debe baada ya debe, tukaipitishia maji ya moto yenye magadi, tena maji safi, mpaka yakatoka kama yalivyoingia. Palipovuja Nkwabi akapaziba kwa risasi ya kuyeyushwa. Nasisitiza hapo: kuvuja kunazibwa kwa nje. Nimeshakuta bizari kwenye rejeta, nimekuta mayai, nimekuta pilipili ya kusaga. Vyote huziba tundu leo na kuziba gari kesho.

Pazi akawasha, akapanda kilima cha kwenda Mzenga na kurudi. Nkwabi akamwita, akakichukua kiganja chake, akakiweka kwenye rejeta. "Papasa yote. Joto linashuka taratibu, hakuna mahali linapokatika. Likiwa hivi, gari lako ni zima." Pazi akapapasa kwa muda mrefu.

Njiani kurudi, juu ya lori, nilingoja Nkwabi aniambie nifunge mdomo. Hakuniambia. Alikuwa amempakata jogoo, akasema tu, "Tatu, ule uji wenu, kumbe una nguvu." Na sikumwambia mtu. Subira akaendelea kuja Kibaha na akina mama wa uchungu, Pazi akiimba tangu kona ya hospitali, tunamsikia karakana.

Nkwabi alifariki hapa hapa Kibaha, kule Tangini, alikokuwa amejenga, miaka ile ya foleni za sabuni na unga. Nilihuzunika kama niliyefiwa na baba. Nilikuwa ndani na wanawake tuliposikia mngurumo wa dizeli nje, mngurumo ninaoujua. Nikatoka: ni Subira, amejaa watani kutoka Mzenga.

Bi Mwamvua alikuwa mzee sasa. Alishuka amevaa ovaroli, suruali imekunjwa, begani mpira wa rejeta. Mlangoni akaitwaa kofia ya Nkwabi, akaivaa. Akaingia uani anatembea kama Nkwabi, yule yule, na tumbo mbele. Akaziba njia ya kutokea jeneza. Akatoa konzi ya unga wa muhogo, akaumwaga kizingitini.

"Huyu hatoki," akasema. "Ana deni langu. Jogoo wetu alimla bure."

Watu wakaanza kutabasamu, wake wa marehemu na macho yao mekundu wakainua vichwa. Akafumba macho, akampapasa mtu mmoja mnene kifuani na tumboni, akasema chini pamepoa, huyu ameziba. Kicheko kikatoka, kile cha msibani kinachouma na kutibu. Halafu akasimama wima, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Nyinyi mlicheka siku ile ghalani. Mimi ndiye niliyelilisha gari bada. Mimi, kwa upawa wangu. Mnyamwezi huyu alijua, akanifunika mbele yenu wote, hakunidai kitu zaidi ya jogoo. Leo nani atanifunika?"

Watu wote pale uani wakacheka. Walipiga makofi, wakasema mama huyu ni mtani kwelikweli. Mimi sikucheka. Nilijifunika kanga usoni, nikalia.

Nilipofunua uso, nikamwona Mzee Pazi. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa Subira. Alikuwa akicheka na wenzake, kisha kicheko kikaanza kumtoka usoni taratibu. Akamtazama mkewe. Akalitazama gari. Akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiacha pale. Kisha akaja uani, mbele ya watu wote, mzee yule mwenye haya, akashika pindo la kanzu yake akamfuta mkewe unga mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Kwa nini hukuniambia, mama Sada?"

Bi Mwamvua akavua kofia ya marehemu.

"Ulikuwa umeanza kuimba," akasema.